Tabibu Aliyeufanya Mji Kuwa Mrithi Wake: Maisha ya Johann Christian Senckenberg (1707-1772)

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huhusishwa na wafanyabiashara, ambao wasipoandika mauzo na madeni yao hujikuta wamefilisika bila ya kujua walikokosea. Hata hivyo, maana yake ni pana kuliko hiyo. Yuko tajiri anayegawa mali kwa mikono miwili, akasifiwa siku ya mazishi yake, na kabla ya matanga kuanuliwa ile mali ikawa imekwisha kusambaratika. Yuko pia mwingine anayeacha kiasi cha wastani tu, lakini kwa kuwa amekiandikia hati madhubuti, kiasi hicho kikaendelea kuwafaa watu waliozaliwa karne mbili baada yake.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu wa aina hii ya pili. Naye ni Johann Christian Senckenberg, tabibu wa mji wa Frankfurt am Main nchini Ujerumani. Senckenberg hakuwa mtawala wala jemadari. Hakugundua dawa iliyobadilisha historia ya utabibu, wala hakuandika kitabu ambacho wanafunzi wa leo hulazimika kukisoma. Licha ya hayo, hospitali, makavazi na maktaba katika mji wake zimetokana na wakfu wake au zinaitwa kwa jina lake. Swali linalotushughulisha hapa ni hili: ni jambo gani lililoufanya wema wa mtu mmoja asiyekuwa na mtoto udumu kwa zaidi ya miaka 250?

Kuzaliwa na Kukua Kwake

Senckenberg alizaliwa mjini Frankfurt tarehe 28 Februari 1707. Baba yake, Johann Hartmann Senckenberg, alikuwa tabibu aliyeajiriwa na mji huo. Familia iliishi katika mtaa wa Hasengasse, jina linalotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya sungura. Watoto wa kiume walikuwa watatu: Heinrich Christian, Johann Christian na Johann Erasmus. Kwa sababu ya jina la mtaa wao, watu wa mji waliwatania kwa kuwaita sungura watatu.

Frankfurt ya wakati huo haikuwa chini ya mwana wa mfalme yeyote. Ulikuwa mji huru ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, ukijitawala kwa baraza lake na kuwajibika kwa Kaisari peke yake. Ulikuwa mji wa maonyesho makubwa ya biashara, wa mabenki na wachapishaji, na ndipo makaisari walipotawazwa. Hata hivyo, haukuwa na chuo kikuu. Aliyetaka kusomea utabibu alilazimika kwenda kwingine, na aliyehitimu alirejea katika mji usiokuwa na mahali pa kuendelezea elimu yake. Upungufu huu unafaa kukumbukwa kwa sababu ndio ambao Senckenberg alikuja kuushughulikia baadaye.

Mnamo mwaka 1730 alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Halle, kilichosifika sana kwa utabibu. Masomo yake hayakwenda moja kwa moja. Akiwa kijana alivutwa na makundi ya wacha Mungu waliojitenga na kanisa rasmi, watu walioamini kwamba imani ni jambo la moyo na matendo kuliko ibada za hadhara. Alikaa kwa muda miongoni mwao kabla ya kurejea katika utabibu. Hatimaye alipata shahada ya udaktari mwaka 1737 katika Chuo Kikuu cha Göttingen, ambacho kilikuwa kichanga mno wakati huo. Hata alipokuwa tabibu mwenye heshima, hakulirudia kanisa rasmi kama walivyofanya watu wa tabaka lake. Imani yake ilibakia ya faraghani, na dalili yake kubwa ilikuwa ni jinsi alivyowahudumia wagonjwa.

Tabibu wa Mji

Senckenberg alirudi Frankfurt akafungua kazi ya utabibu. Muda si muda wateja walikuwa wengi, matajiri kwa maskini, na baadaye akateuliwa kuwa mmojawapo wa matabibu rasmi wa mji. Kazi hiyo ilimpitisha katika nyumba za kila namna. Aliyaona maradhi ya watu walioshiba na ya watu walioshinda njaa, na aliona pia udhaifu wa matabibu wenzake, wengi wao wakiwa wamesoma vitabu vya Kilatini bila ya kuujua mwili wa binadamu kwa macho na mikono.

Alikuwa mtu wa kuandika. Kwa miaka mingi aliweka shajara ambamo aliingiza habari za wagonjwa, hali ya hewa, mambo ya mji na mawazo yake mwenyewe. Shajara hizo ni makumi ya mabuku, nazo zimeandikwa kwa mwandiko mgumu kusomeka, Kijerumani kikichanganyika na Kilatini. Wataalamu wa karne ya 21 bado wamehangaika kuzinakili. Hapa tunamwona mtu aliyeamini kuwa jambo lisiloandikwa halina makao, imani ambayo baadaye ilizaa hati ya wakfu wake.

Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mashuhuri aliyezaliwa mjini humo mwaka 1749, aliwakumbuka ndugu hao watatu katika tawasifu yake. Anamsawiri tabibu huyu kuwa mtu nadhifu aliyekuwa na mwendo wa ajabu barabarani, akipinda kulia na kushoto badala ya kwenda moja kwa moja. Wenye dhihaka walidai kwamba alikuwa akizikwepa roho za marehemu. Tabibu asiyetaniwa na watu wa mji wake ni nadra. La muhimu ni kwamba dhihaka hizo hazikumfanya auchukie mji.

Ndoa Tatu, Misiba Mitano

Maisha ya nyumbani ya Senckenberg yalijaa huzuni. Alioa mara ya kwanza mwaka 1742, na kabla ya miaka miwili kutimia mkewe alikuwa amefariki. Alioa tena, na mke wa pili akafariki naye. Mnamo mwaka 1754 alioa mara ya tatu, na kufikia mwaka 1756 alikuwa mgane kwa mara nyingine. Watoto wawili waliozaliwa katika ndoa hizo walikufa wangali wadogo. Mtu aliyewaponya watoto wa wenzake hakufanikiwa kumlea hata mmoja wa kwake.

Katika jamii ya wakati ule, kama ilivyo katika jamii nyingi za Kiafrika, mtu mwenye mali asiyekuwa na mrithi alitarajiwa kuwaangalia ndugu zake. Senckenberg alikuwa na ndugu wawili walio hai. Wa kwanza, Heinrich Christian, alikuwa mwanasheria mkubwa aliyepanda hadi kuwa mshauri katika mahakama ya Kaisari mjini Vienna. Huyu hakuhitaji msaada. Wa pili, Johann Erasmus, alikuwa pia mwanasheria na mjumbe wa baraza la mji, lakini mwenendo wake ulikuwa aibu kwa familia. Mwaka 1769 alitiwa kizuizini kwa tuhuma za kughushi na makosa mengine, na hakutoka tena hadi alipofariki mwaka 1795. Kwa hivyo tabibu huyu alikuwa na ndugu mmoja asiyehitaji mali na mwingine asiyeaminika nayo.

Mbele yake palikuwa na njia tatu. Angeweza kutumia mali yake kwa anasa. Angeweza kuiachia familia na kufumba macho. Au angeweza kutafuta mrithi wa namna nyingine. Alichagua njia ya tatu. Mrithi aliyemteua alikuwa mji wake wa kuzaliwa. Lakini, na hapa ndipo penye kiini cha habari yake, aliuteua mji bila ya kuwaamini wanaoutawala.

Hati ya Wakfu

Tarehe 18 Agosti 1763 Senckenberg alitia saini hati iliyoitoa mali yake kuwa wakfu. Thamani yake ilikuwa gulden 95,000, sarafu ya wakati huo, pamoja na nyumba yake, maktaba yake na mikusanyo yake ya vitu vya elimu. Kilikuwa kiasi kikubwa, ingawa Frankfurt haikukosa mabenki na wafanyabiashara waliomzidi kwa mbali. Jambo lililoipa hati hiyo uzito ni masharti yake, kuliko hata kiasi chenyewe.

Sharti la kwanza lilihusu kudumu kwa mali. Mtaji ulitakiwa uhifadhiwe, na kazi za wakfu ziendeshwe kwa mapato yake. Kwa msemo wa wakulima wetu, aliwaruhusu watu kula matunda na kuwakataza kuukata mti. Sharti la pili lilihusu usimamizi. Wakfu ulipewa wasimamizi wake wenyewe, matabibu wakiwa na nafasi kubwa miongoni mwao, na mali yake isichanganywe kamwe na hazina ya mji. Senckenberg alikuwa amelijua baraza la mji kwa muda mrefu, na alifahamu kwamba fedha zinazoingia katika kapu la wakubwa hazikosi matumizi ya dharura. Sharti la tatu lilihusu madhumuni. Sehemu kubwa ya mapato ingetumika kuinua elimu ya utabibu mjini, na nyingine kuwatunza wagonjwa wenye shida.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1765, aliongeza vifungu vilivyoipa hospitali nafasi katika mpango huo. Frankfurt ilikuwa na hospitali kongwe, lakini hiyo iliwahudumia hasa watumishi, mafundi wasafiri na wageni. Raia wa kawaida aliyeugua alitegemea jamaa zake, na asiyekuwa na jamaa alitegemea bahati. Ndipo Senckenberg akaazimia kujenga hospitali ya raia na wakaazi wa mji, ambayo kwa Kijerumani iliitwa Bürgerhospital.

Ni muhimu kutambua jinsi alivyoyafungamanisha mambo mawili ambayo wafadhili wengi huyatenganisha. Wapo wanaotoa chakula na dawa kwa maskini, na wapo wanaojenga vyuo. Senckenberg aliona kuwa hospitali bila ya elimu huwa nyumba ya kusubiria kifo, na elimu bila ya wagonjwa huwa porojo. Mnamo mwaka 1766 alinunua uwanja mkubwa karibu na lango la Eschenheim. Hapo alipanga kuweka bustani ya mimea ya dawa, maabara ya kemia, ukumbi wa anatomia, maktaba na hospitali. Tabibu kijana angeweza kuuona mmea ukiota, akaona dawa ikitengenezwa, akajifunza mwili ulivyoumbwa, akasoma vitabu, kisha akamhudumia mgonjwa, yote hayo katika uwanja mmoja.

Pamoja na sifa hizi, haki inatudai tueleze mipaka ya ukarimu wake. Hospitali hiyo ilikusudiwa watu waliotambuliwa na mji kuwa raia au wakaazi. Wayahudi wa Frankfurt waliishi wakati huo wakiwa wamefungiwa katika mtaa wao, Judengasse, na walilazimika kujitegemea kwa matibabu. Senckenberg alikuwa mtu wa zama zake, na wema wake ulipita ndani ya kuta zilizokuwapo.

Kifo Katika Jengo Lake Mwenyewe

Jiwe la msingi la hospitali liliwekwa tarehe 9 Julai 1771. Mwanzilishi wake alikuwa na umri wa miaka 64, naye hakuwa mtu wa kukaa nyumbani kusubiri ripoti za mafundi. Alikwenda kuikagua kazi mara kwa mara. Tarehe 15 Novemba 1772 alipanda kwenye jukwaa la waashi ili akague kuba la jengo lililokuwa karibu kukamilika. Akateleza, akaanguka, na siku hiyohiyo akafariki.

Kwa kinaya cha majaliwa, maiti ya kwanza kupasuliwa katika kituo cha anatomia alichokianzisha ilikuwa yake mwenyewe. Alizikwa katika uwanja wa wakfu wake, baina ya majengo aliyoyapanga na mimea aliyoipanda. Hakuwahi kumwona hata mgonjwa mmoja akilazwa katika hospitali ile.

Huu ndio wakati ambapo sadaka nyingi hufa. Mwenye maono ameondoka, jengo halijakwisha, na kila mwenye madaraka anaanza kuukodolea macho mfuko wa fedha. Katika habari hii mambo hayakwenda hivyo. Hati ilikuwapo, wasimamizi walikuwapo, na mali ilikuwa imetengwa. Kazi iliendelea polepole. Ukumbi wa anatomia ulikamilika, na mwaka 1779 hospitali ikaanza kupokea wagonjwa. Raia wengine, walipoona kwamba fedha za wakfu haziliwi, walianza kuongezea za kwao. Imani ya umma ilijengwa na hesabu zilizotunzwa vizuri.

Mbegu Yazaa Msitu

Haimaanishi kwamba wakfu haukupata misukosuko. Mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya miaka mingi ya vita barani Ulaya, taasisi za kielimu za Senckenberg zilikuwa zimedhoofika. Goethe alipoutembelea mji wake wa kuzaliwa aliiona hali hiyo na kuandika mwaka 1816 kuwahimiza wakaazi waendeleze kazi za sayansi. Mnamo tarehe 22 Novemba 1817, kwa juhudi za tabibu Philipp Jakob Cretzschmar, raia 32 walianzisha chama cha utafiti wa viumbe na mazingira, wakakipa jina la Senckenberg, ingawa alikuwa amekufa kwa miaka 45. Makavazi ya chama hicho yalifunguliwa mwaka 1821 karibu na lango lilelile la Eschenheim.

Miongoni mwa waliokitajirisha chama hicho ni Eduard Rüppell, mzaliwa wa Frankfurt aliyesafiri Misri, Nubia na Uhabeshi na kurudi na maelfu ya sampuli za wanyama na mimea. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kumkuta Rüppell nyumbani kwake: aina mojawapo ya tumbusi wanaopaa juu ya mbuga za Kenya na Tanzania inajulikana kitaalamu kwa jina la msafiri huyo.

Taasisi ya anatomia na patholojia nayo iliendelea. Kuanzia mwaka 1885 iliongozwa na Carl Weigert, mtaalamu wa kutia rangi tishu ili zionekane vyema kwa hadubini. Weigert alikuwa Myahudi, na vyuo vikuu havikumpa kiti cha uprofesa alichostahiki. Wakfu ulioanzishwa katika mji uliowafungia Wayahudi nyuma ya kuta ukampa mahali pa kufanyia kazi hadi alipofariki mwaka 1904. Hapa wema ulivuka mipaka ya mwanzilishi wake.

Mwaka 1914 Frankfurt ilipata chuo kikuu kwa mara ya kwanza. Chuo hicho hakikuanzishwa kwa fedha za serikali bali kwa michango na wakfu za raia, Wayahudi wakiwa wengi miongoni mwa wafadhili, na taasisi za Senckenberg ziliingia kuwa sehemu ya misingi yake. Ule upungufu ambao kijana wa mwaka 1730 aliukuta, hata ikabidi asafiri hadi Halle, ulizibwa baada ya miaka 184. Mfumuko wa bei wa mwaka 1923 uliiteketeza mitaji ya wakfu nyingi za Ujerumani. Utawala wa Wanazi uliwafukuza walimu wengi wa chuo hicho, na mabomu ya Machi 1944 yaliuangamiza mji mkongwe alimozaliwa Senckenberg. Hata baada ya hayo yote, kazi aliyoiasisi haikukatika. Hospitali ilikuwa imehamia mtaa wa Nibelungenallee tangu mwaka 1907, na hadi leo inatibu wagonjwa na kuzalisha watoto kwa maelfu. Makavazi ya viumbe, yaliyohamia jengo lake jipya mwaka huohuo, ni miongoni mwa makubwa zaidi nchini Ujerumani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo jambo moja la ziada. Mwaka 2005 maktaba ya mji na chuo iliunganishwa na ile ya Senckenberg, na maktaba iliyotokana na muungano huo ikapewa jina lake. Maktaba hiyo ndiyo ambayo tangu mwaka 1964 imekabidhiwa jukumu la kukusanya machapisho kuhusu Afrika kusini mwa Sahara kwa niaba ya watafiti wa Ujerumani nzima. Mtafiti wa lugha na fasihi za Kiafrika nchini humo huazima vitabu chini ya jina la tabibu ambaye, kwa kadiri ya maisha yake, hakuwa na uhusiano wowote na bara letu.

Hitimisho

Tumeona kuwa Senckenberg hakuwa tajiri kuliko wote mjini mwake, wala hakuwa mwenye bahati. Alizika wake watatu na watoto wawili, akaaibishwa na ndugu yake, akafa kabla ya kuiona kazi yake ikikamilika. Yapo mambo manne yaliyoudumisha wakfu wake: alitoa akiwa hai na si kwa wosia wa kitandani, aliuhifadhi mtaji na kuruhusu mapato pekee yatumiwe, aliwatenga wasimamizi na mamlaka ya kisiasa, na aliiunganisha huruma na elimu ili kila moja iihitaji nyingine.

Neno wakfu si geni kwetu. Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, Waislamu wameweka nyumba, mashamba na visima kuwa wakfu tangu jadi, mapato yake yakahudumia misikiti, madrasa na maskini. Wakenya nao wamejenga shule na zahanati kwa moyo wa harambee. Moyo wa kutoa haujatupungukia. Linalotakiwa kuulizwa kila panapofanyika mchango ni yale aliyoyauliza tabibu wa Frankfurt mwaka 1763: nani atashika daftari, nani atamkagua mwenye daftari, na mti utalindwaje ili vizazi vijavyo navyo vile matunda. Penye majibu ya maswali hayo, mchango wa siku moja unaweza kuishi muda mrefu kuliko wote waliouchanga.